Mashimo ya chunusi kwenye ngozi ya Kiasia: kila shimo na tiba yake

Video za kliniki za Seoul, Bangkok na Mumbai zinazunguka sana kwenye simu siku hizi. Kushoto uso uliojaa mashimo ya chunusi, kulia uso uleule ukiwa laini, katikati jina la mashine. Mwenye mashimo akimaliza kutazama anabaki na maswali mawili: mashine hiyo inapatikana wapi, na ni shilingi ngapi. Maswali ambayo yangemfaa zaidi hayamo kwenye video. Mashimo yake ni ya aina gani? Na ngozi yake ikijeruhiwa, huwa inafanya nini?

Nazungumzia ngozi ya Waasia kwa sababu sehemu kubwa ya ujuzi wa kutibu mashimo kwenye ngozi yenye rangi umetoka kwa madaktari wa Korea, Hong Kong, Thailand, Japani na India. Wengi wetu tuna ndugu, majirani au marafiki wenye ngozi hiyo Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na Kampala, na wapo wanaokata tiketi kwenda India kutibiwa. Tena, kanuni zinazoilinda ngozi ya Mhindi au Mkorea ndizo zinazoilinda ngozi nyeusi, ila kwenye ngozi nyeusi zinatakiwa kufuatwa kwa ukali zaidi.

Doa na shimo

Tuanze na kutenganisha vitu viwili vinavyochanganywa kila siku. Chunusi ikipona inaweza kuacha doa au inaweza kuacha shimo. Doa ni rangi tu. Funga macho, pitisha kidole juu yake: hakuna kitu. Doa hufifia lenyewe kwa miezi, na krimu nzuri inaweza kuliharakisha. Shimo ni upungufu wa nyama yenyewe. Kidole kinazama.

Shimo linatokea hivi. Chunusi huanzia kwenye kitundu cha unywele kilichoziba. Uvimbe ukishuka chini na ukuta wa kitundu hicho ukapasuka ndani, mwili unapeleka askari wake kupambana, na katika mapambano hayo kolajeni inayeyushwa. Kolajeni ndiyo nyuzi zinazoishikilia ngozi kutoka chini. Baadaye mwili unakarabati, lakini ukarabati ukiwa mdogo kuliko uharibifu, ngozi ya juu inadidimia. Kinachokosekana kiko chini, milimita moja, mbili au zaidi, mahali ambapo krimu haifiki kwa kiasi cha kujenga upya.

Ndiyo maana asali, vitunguu, ute wa shubiri na mafuta ya nazi havijawahi kujaza shimo la mtu. Krimu za jamii ya vitamini A zinaweza kulainisha kidogo uso wa ngozi na kupunguza vishimo vya juujuu, na zinasaidia sana kuzuia chunusi mpya, lakini shimo refu haziliwezi. Limau nalitaja peke yake kwa sababu lina madhara ya wazi: maji yake yakibaki kwenye ngozi kisha jua likapiga, ngozi inaweza kuungua na kuacha mabaka meusi ya miezi. Mtu anaanza na shimo, anaishia na shimo na baka.

Kuna na imani kwamba mashimo ni adhabu ya waliokamua chunusi. Kukamua kunazidisha uvimbe na kunaongeza hatari, hilo ni kweli. Lakini uvimbe mkubwa wa ndani unaweza kuchimba shimo bila kuguswa na kidole hata siku moja, na mzazi anayemlaumu mwanawe kila akimwangalia usoni anamwongezea mzigo usio wake. Kinachopunguza mashimo kuliko chochote ni kutibu chunusi mapema, zikiwa bado zinaota. Kijana mwenye vivimbe vikubwa, vigumu, vinavyouma chini ya ngozi asiambiwe asubiri kukua. Apelekwe kwa daktari.

Na kama chunusi mpya bado zinatoka, tiba ya mashimo isubiri. Kila uvimbe mpya unaweza kuchimba jingine pembeni ya lile uliloligharamia jana.

Ngozi inayojibu jeraha kwa rangi

Mwaka 1975 daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Thomas Fitzpatrick, aliweka mpango wa kuzigawa ngozi kwa jinsi zinavyoitikia jua: nani anaungua tu, nani anaungua kisha anaiva rangi, nani haungui. Alikuwa akitafuta kipimo salama cha mwanga kwa wagonjwa waliotibiwa kwa miale. Mpango wa mwanzo ulikuwa wa ngozi nyeupe. Makundi ya ngozi ya kahawia na nyeusi yaliongezwa baadaye, yakawa makundi sita. Mpaka leo madaktari wanautumia kupanga nguvu ya leza. Waasia wengi wanaangukia kati ya kundi la tatu na la tano.

Hapo unaona kwamba “ngozi ya Kiasia” ni jina pana mno. Binti wa Sapporo, Japani, anayekuwa mwekundu akikaa juani na mwanamume wa Chennai, India, ambaye hakumbuki kuungua wote ni Waasia, na hawastahili kipimo kimoja cha leza. Daktari makini hatosheki na kukutazama. Atakuuliza: ukiumwa na mbu, doa linakaa muda gani? Ulipojikata au kuungua na mafuta jikoni, palibaki peusi? Kovu liliinuka? Majibu hayo yanamweleza kuhusu ngozi yako mambo ambayo pasipoti haiwezi kumwambia.

Wengi hudhani mtu mwenye rangi ana chembe nyingi zaidi za kutengeneza rangi. Idadi ya chembe hizo inakaribiana kwa watu wote. Tofauti iko kwenye kazi yake: kwenye ngozi ya kahawia zinatengeneza melanini, yaani rangi yenyewe, nyingi zaidi, vifurushi vyake ni vikubwa, na vinakaa muda mrefu kabla ya kuvunjwa. Chembe hizo zikishtuliwa na joto, asidi, sindano au hata kusuguliwa kwa nguvu, zinamwaga rangi. Matokeo ni baka jeusi au la kahawia pale palipojeruhiwa. Huwa linafifia, lakini linaweza kuchukua miezi, na mara chache rangi iliyozama chini inakaa zaidi ya mwaka.

Karibu kila tiba ya mashimo inafanya kazi kwa kujeruhi. Ngozi inachokozwa kwa makusudi ili ijenge kolajeni mpya. Kwa hiyo kinachojaza shimo na kinachoweusha ngozi vinatoka mlango mmoja, na ujuzi wote wa kutibu ngozi ya Kiasia ni kupata cha kwanza bila kuamsha cha pili kupita kiasi. Miaka ya 1990 leza kali za kaboni dayoksaidi zilikuwa zikichubua uso mzima kwa mkupuo. Kwa Wazungu ziliacha wekundu wa muda mrefu. Kwa Waasia ziliacha weusi wa miezi, na wapo waliopoteza rangi moja kwa moja sehemu zilizochomwa. Tangu hapo madaktari wamehamia kwenye majeraha madogo: membamba, yaliyotengana, yaliyogawanywa katika awamu nyingi.

Chukua kioo na taa

Mwaka 2001 madaktari wa Marekani walichapisha mgawanyo rahisi wa mashimo ya chunusi ambao unatumika dunia nzima. Unaweza kuujaribu nyumbani. Zima taa ya juu, washa ya simu, iweke pembeni ya shavu ili mwanga upite kwa kulala. Kila shimo litaonyesha kivuli chake.

Vishimo vyembamba ni vile vinavyofanana na tundu la sindano nene. Upana wake haufiki milimita mbili, lakini vinashuka chini sana, kwa kawaida kwenye mashavu. Mashimo yenye kingo ni mapana zaidi, milimita mbili hadi nne hivi, kuta zimesimama wima na chini ni bapa. Yapo mafupi na yapo marefu. Mabonde ni mapana kuliko yote, hayana kingo kali, na ngozi inaonekana kupanda na kushuka. Sasa vuta ngozi ya shavu kwa vidole viwili. Bonde linajinyoosha na karibu linapotea. Kishimo chembamba hakibadiliki.

Jaribio hilo dogo linaamua mambo mengi, kwa sababu tiba ya bonde haimsaidii mwenye vishimo vyembamba, na kinyume chake ni hivyohivyo. Nyuso nyingi zina aina zote tatu kwa pamoja. Kliniki inayomwambia kila anayeingia kwamba dawa yake ni leza fulani, vikao vinne, lipa sasa kwa punguzo, haijaangalia uso wa mtu. Imeangalia mashine iliyonunua.

Asidi kwenye ncha ya kijiti

Kwa vishimo vyembamba, njia iliyobadilisha mambo ilitoka Korea Kusini. Mwaka 2002 madaktari wa huko walieleza matumizi ya asidi iitwayo TCA yenye ukali wa asilimia 65 hadi 100, ikiwekwa ndani ya shimo peke yake. Waliipa jina CROSS. Wagonjwa wao walikuwa na ngozi ya kahawia, kundi la nne na la tano, yaani hasa watu ambao leza za wakati ule zilikuwa zikiwaharibu.

Inavyofanyika ni kazi ya mkono uliotulia. Daktari anachonga kijiti cha mbao mpaka ncha iwe nyembamba kuliko shimo. Anakichovya kwenye asidi, anakung'uta, kisha anakigandamiza ndani ya kishimo kimoja. Sekunde chache baadaye kishimo kinageuka cheupe kama chokaa. Anahamia kinachofuata. Ngozi ya katikati haiguswi, na hiyo ndiyo siri ya usalama wake: pembeni ya kila jeraha kuna ngozi nzima inayosaidia kupona. Kigaga chembamba kinatoka na kudondoka ndani ya siku kadhaa. Baada ya mwezi au zaidi anarudia, mara tatu, nne, hata sita, na kila mara sakafu ya shimo inapanda kidogo.

Sasa sikiliza sehemu inayoniumiza roho. Asidi hiyohiyo inauzwa mtandaoni kwa chupa ndogo, na watu wanaipaka wenyewe mbele ya kioo cha bafuni. Tone likivuka ukingo wa shimo linachoma ngozi nzima, na shimo la milimita moja linakuwa la milimita tatu. Likiingia jichoni ni balaa jingine kabisa. Hata mikononi mwa daktari tiba hii inaweza kuacha alama nyeusi au nyeupe, na ndiyo maana baadhi yao wanaipunguza ukali kwa ngozi za kahawia iliyokolea. TCA ya ukali huu si ya nyumbani. Hakuna video inayoweza kukufundisha uzito wa mkono.

Kukata nyuzi chini ya bonde

Mabonde yana kisa tofauti. Chini yake kuna nyuzi ngumu za kovu zinazoivuta ngozi kwenda ndani. Fikiria mto wa kochi wenye kifungo katikati: pale penye kifungo pamezama, na ukiupaka mto dawa yoyote au ukiupiga pasi juu, patabaki pamezama mpaka uzi ukatwe. Madaktari hukata uzi huo. Wanatia ganzi, wanapitisha sindano maalumu au kijibomba butu kupitia tundu moja dogo pembeni, kisha wanakipeleka mbele na nyuma chini ya ngozi mpaka nyuzi ziachie. Mara nyingine daktari anasikia jinsi zinavyokatika. Njia hii ilielezwa mwaka 1995 na madaktari wawili wa ukoo mmoja, Orentreich, wa Marekani.

Kwa ngozi ya Kiasia hii ni moja ya tiba bora zilizopo, na ajabu ni kwamba haitangazwi sana. Sababu naiona: hakuna mashine ya kupiga picha. Ngozi ya juu inabaki na tundu la sindano tu, kwa hiyo hatari ya weusi ni ndogo kuliko ya kuchoma uso mzima. Gharama yake ni uvimbe na madoa ya damu iliyovilia yanayoweza kukaa wiki moja au mbili, na pengine vinundu vya kugusika kwa muda. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda lazima amweleze daktari kabla. Na mkono uwe wa mtu anayeijua anatomia, maana kwenye kipaji pembeni ya jicho na kwenye ukingo wa taya mishipa ya fahamu inapita juujuu. Nyuzi zinaweza kujishika tena, hivyo kazi hurudiwa, au daktari anajaza fila kidogo chini, yaani jeli ya kujazia inayopitishwa kwa sindano, ili zisirudi. Fila nayo si mchezo: ikiingia kwenye mshipa wa damu usoni inaweza kuua ngozi na hata kupofusha. Haifanywi saluni.

Visindano na leza

Matibabu ya visindano yanatoboa ngozi kwa mamia ya vitundu vidogo, kwa kawaida kina cha milimita moja na nusu hadi mbili na nusu kwenye mashavu, ili kuichokoza ijenge kolajeni. Aliyeyasambaza sana ni daktari wa upasuaji wa Cape Town, Des Fernandes, na kwa ngozi zenye rangi yamekuwa faraja kwa sababu ngozi ya juu haiunguzwi. Yanafaa kwa mabonde mepesi na mashimo mafupi yenye kingo. Vishimo vyembamba virefu hayaviwezi.

Kigurudumu cha miba kinachouzwa sokoni ni kitu kingine. Miba mifupi ya nyumbani, chini ya nusu milimita, haifiki kolajeni iliyoharibika. Miba mirefu inafika, na inafika na bakteria wote waliokuwa juu ya ngozi, na kwa mkono usiojua inaacha mistari ya makovu. Kuazimana kigurudumu kati ya dada na dada au kwenye saluni ni kuazimana damu, pamoja na virusi vya homa ya ini na VVU kama vipo.

Zipo mashine zinazounganisha visindano na joto la mawimbi ya redio. Joto linatolewa chini, kwenye ncha, na halifuati melanini kama mwanga wa leza unavyoweza kufanya, kwa hiyo zinapendwa sana Korea na Thailand. Lakini “haitafuti rangi” haina maana ya “haiunguzi”. Zimewahi kuacha majeraha ya moto, makovu, na mashavu yaliyopungua mafuta.

Leza yenyewe ilipata sura mpya mwaka 2004, watafiti wa Boston walipoonyesha kwamba badala ya kuchoma uso mzima unaweza kupiga vitobo vyembamba sana na kuacha ngozi nzima kati ya kitobo na kitobo. Zipo aina mbili. Moja inapasha joto ndani bila kuondoa ngozi ya juu. Ni pole, inataka vikao vingi, na kwa Waasia ndiyo ya kuanzia. Nyingine inatoboa kabisa. Matokeo yake kwa kikao kimoja ni makubwa zaidi na weusi baada yake ni wa kawaida zaidi. Mwaka 2007 madaktari wa Hong Kong walitoa utafiti kuhusu weusi unaofuata leza hizi kwa Waasia, na somo lililobaki ni kwamba kubananisha vitobo kuna hatari yake, mbali na nguvu ya kila kitobo. Kwa hiyo daktari mzoefu anatoboa kwa kina kinachotakiwa lakini anaviachanisha vitobo, anapuliza hewa baridi muda wote, na anaongeza idadi ya vikao. Mgonjwa anayesema “ongeza nguvu nimalize leo” anaomba weusi.

Mashimo marefu yenye kingo wakati mwingine hayahitaji mashine yoyote. Daktari analikata shimo kwa kifaa cha duara, analishona, au anainua sakafu yake hadi usawa wa ngozi. Inaonekana kama hatua ya kurudi nyuma, lakini shimo moja lililokataa leza tano linaweza kumalizwa na mshono mmoja.

Jua, mkorogo na vidonge

Weusi unazuiwa kabla ya sindano ya kwanza. Bado nasikia kwamba krimu ya jua ni ya Wazungu. Kwa anayetibiwa mashimo ni nusu ya tiba: kinga ya SPF 30 au zaidi, ianze wiki kadhaa kabla, iendelee miezi baada, ipakwe tena mchana. Iliyo bora kwa ngozi za kahawia ni ile yenye rangi ya udongo, kwa sababu oksidi ya chuma iliyomo inazuia mwanga wa kawaida unaoonekana, na mwanga huo nao unachochea weusi. Ngozi iliyotoka ufukweni, imeiva jua, isipigwe leza mpaka itulie.

Anayetumia mkorogo aseme ukweli kliniki, hata kama anaona haya. Michanganyiko mingi ina steroidi inayokondesha ngozi na yenyewe kuleta chunusi, wakati mwingine zebaki, na haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, isiyo na kipimo. Haidrokwinoni ni dawa halali mikononi mwa daktari, kwa muda mfupi, kabla au baada ya tiba. Ikitumika miaka bila usimamizi inaweza kuleta weusi wa kibuluu usiotoka. Wala jina kubwa dukani si dhamana: mwaka 2013 kampuni ya Kanebo ya Japani iliondoa sokoni bidhaa zake za kung'arisha zenye kiambato cha rhododenoli baada ya watumiaji kutokwa na mabaka meupe.

Isotretinoini, kidonge cha chunusi sugu, ina mambo yake. Inaharibu mimba, kwa hiyo mwanamke haitumii bila kinga ya uhakika ya mimba. Kuhusu mashimo, zamani kila mtu aliambiwa asubiri miezi sita baada ya kuiacha. Mwaka 2017 wataalamu wa Marekani walipitia ushahidi na kuona kwamba kwa tiba nyepesi kusubiri huko hakuna msingi wa kutosha. Kwa kuchubua uso mzima, tahadhari imebaki. Daktari wako ndiye apime.

Aliyewahi kupata keloidi, kovu linaloinuka na kukua kupita jeraha lenyewe, hasa kwenye taya, kifua au mabega, atangulize hilo kabla ya jambo jingine lolote.

Nani ameshika sindano

Korea ina madaktari bingwa wa ngozi wa kiwango cha juu, lakini sheria ya huko inamruhusu daktari yeyote mwenye leseni kutibu ngozi. Tofauti imeandikwa kwenye kibao cha mlangoni. Kliniki ya bingwa huandika 피부과의원, yaani “kliniki ya ngozi”, mara tu baada ya jina lake. Ya daktari asiye bingwa huandika 의원, “kliniki” tu, kisha kwa herufi ndogo 진료과목, yaani “huduma inayotolewa”, halafu ndiyo 피부과, ngozi. Mgeni haoni tofauti hiyo asipoambiwa. India, uliza kama daktari ana sifa za ubingwa: MD, DNB au diploma ya DDVL ya magonjwa ya ngozi. Kwa Afrika Mashariki, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kimekuwa kikifundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1990, na wengi wao wanafanya kazi katika hospitali za mikoa na za rufaa. Hawana video.

Safari yenyewe ina mtego wake. Vikao vinatakiwa kuachana wiki nne hadi sita, na kolajeni mpya inaendelea kujengwa kwa miezi mitatu hadi sita baada ya kikao. Anayekwenda Mumbai kwa siku kumi hawezi kupata tiba nzima ya mashimo. Anachoweza kupata ni kurundikiwa tiba tatu kwa siku moja, kisha kupanda ndege na kushuka kwenye jua la Dar es Salaam akiwa na uso mbichi. Kama safari ni lazima, afadhali afanyiwe kazi moja inayohitaji mkono adimu, kwa mfano kukata nyuzi, na aje na maelezo ya maandishi ili vikao vya visindano na uangalizi viendelee karibu na nyumbani.

Muulize daktari: mashimo yangu ni ya aina gani, na kila aina utaifanyia nini? Umetibu ngozi ya rangi yangu, na naweza kuona picha zilizopigwa miezi sita baadaye? Utaanza na sehemu ndogo ya majaribio, mbele ya sikio kwa mfano, tusubiri wiki kadhaa? Weusi ukitokea utaufanyaje? Anayekuahidi kwamba mashimo yatafutika kabisa, ondoka. Daktari mkweli ataongelea nafuu: mashimo kuwa mafupi, vivuli kupungua, ngozi kushika mwanga vizuri zaidi. Nafuu hiyo ni kubwa kwa mtu aliyekuwa akikwepa kukaa karibu na dirisha.

Baada ya kikao, wekundu, kuvimba kidogo na vigaga ni vya kawaida, visikwanguliwe. Weusi unaoanza wiki ya pili hadi ya nne mara nyingi unatibika, mjulishe daktari mapema badala ya kuusugua kwa skrabu. Anayetokwa na malengelenge ya mdomoni mara kwa mara aombe dawa ya kuzuia virusi kabla ya leza, maana yanaweza kusambaa uso mzima. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, usaha, homa, au ngozi inayopauka au kuwa na marakaraka ya zambarau baada ya fila, ni sababu ya kurudi hospitali saa hiyohiyo. Macho yakianza kuona giza, usisubiri hata simu ijibiwe.